Mwamba Uitikao

Hakuna mlima duniani unaomwitikia mtu vizuri kama ule wa Mwamba Uitikao, juu ya mji wa Nainital. Ukiuita kwa Kihindi unajibu kwa Kihindi, ukiuita kwa Kipunjabi unajibu kwa Kipunjabi, na ukipiga chafya unakurudishia chafya yako ikiwa nzima. Haya, hata ukurasa haujafunuliwa nami nimekwisha kudanganya. Mlima ule ni bubu kama gogo. Aliyekuwa akijibu ni Saruli.

Saruli alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwembamba kama fito, lakini mapafu yake yangemtosha mpiga tarumbeta. Aliishi na bibi yake, Bibi Khimuli, katika nyumba ya paa la bati chini ya misonobari. Mama yake alikuwa mshonaji huko chini kwenye tambarare, na alipanda mlimani siku za sikukuu tu. Siku za shule Saruli alikwenda shule. Siku nyingine aliamka, akachota maji, akawapa mbuzi majani, akanywa chai kwa mkate wa ulezi, kisha akapanda hadi kwenye kibanda cha chai cha mjomba wake, Trilok. Bibi aliambiwa kwamba mtoto anakwenda kuosha glasi.

"Chukua gunia lako," Bibi alimwambia kila asubuhi ya msimu wa mvua. "Jifunike upande wa kushoto. Mvua huingilia huko."

Saruli alilichukua. Hakuwahi kujiuliza mwosha glasi ana haja gani na gunia la upande wa kushoto.

Wazee husema kwamba zamani mlima uliitika kweli. Ng'ambo ya korongo palisimama ukuta wa jiwe, mpana na laini, nao ndio uliorudisha sauti. Kisha ukaja mwaka wa mvua kubwa, ukuta ukaporomoka wote usiku mmoja, na sauti ikaenda nao. Likabaki kovu la kijivu la mawe yaliyolegea, lisilopitwa na mtu wala mbuzi. Lakini nani angewaambia wageni? Waliendelea kuja. Asubuhi walipanda mashua ziwani, mchana wakapanda farasi, na alasiri wakafika kwenye mwamba, wakaegemea ukingo wa chuma na kuyaita majina yao. Chini ya ukingo huo palikuwa na kishimo katika jiwe, cha kumtosha mtoto mmoja aliyekunja magoti, nacho kilivuja upande wa kushoto.

Kanuni za kazi alipewa na Mjomba. Kifuniko cha birika kikigongwa, anza. Vuta pumzi moja kabla ya kujibu. Rudia maneno ya mwisho tu, wala usicheke. Kengele ikilia, kazi imekwisha. Kengele yenyewe ilining'inia mbele ya kijihekalu cha Golu, mungu wa haki, ambaye watu wa milima ile humwogopa kwa sababu hapendi waongo. Mjomba alisema Golu ana kazi nyingi, hana nafasi ya kusikiliza kibanda cha chai.

Mwanzoni Saruli aliona ni mchezo. Baadaye mchezo ukaanza kumfuata nyumbani. Ukikaa siku nzima gizani ukirudia maneno ya watu usiowaona, jioni ukitafuta neno lako unaweza kulikosa. Siku moja wakila, Bibi alimwuliza, "Unataka chumvi?"

Saruli akavuta pumzi moja. "Unataka chumvi?" akajibu.

Bibi alimtazama, kisha akamsogezea chumvi.

Siku ninayotaka kuisimulia, ukungu ulipanda kutoka ziwani tangu asubuhi. Ulipanda taratibu, ukameza mji, ukameza misonobari, kisha ukaja kukaa kwenye mwamba kama mgeni asiyeaga. Saruli aliingia kishimoni na gunia lake. Hakuiona hata miguu yake mwenyewe. Maji yalidondoka mahali fulani, tone moja, kisha kimya, kisha tone jingine.

Kwa kelele za juu alijua kwamba wageni wamefika: baba, mama, watoto, na Latif mwenye farasi, aliyekuwa akilalamika kwamba siku kama ile hata farasi wake walitamani kurudi kitandani. Mjomba aliwachomea mahindi, akayapaka ndimu na chumvi. Kisha kifuniko cha birika kikagongwa. Baba aliita jina lake, Saruli akamrudishia, wakacheka. Halafu wakarudi kibandani kwenye moto, na mwamba ukawa kimya kwa muda mrefu.

Hapo ndipo sauti nyingine ikaita.

"Mama."

Ilikuwa sauti ndogo ya mtoto wa kike. Haikutoka juu kwenye ukingo. Ilitoka mbele, ng'ambo, kule kwenye kovu ambako hakuna njia.

Kengele ilikuwa haijalia. Saruli alivuta pumzi moja, kwa mazoea tu, akajibu, "Mama."

Kimya. Tone la maji.

"Uko wapi?"

"Uko wapi?" akajibu Saruli, na safari hii mgongo wake ukasisimka.

"Niko hapa."

"Niko hapa."

Sauti ile ikacheka kidogo, kama mtu aliyefurahi. "Nakuja," ikasema.

Saruli hakurudia. Mkono wake ulikwenda wenyewe shingoni, kwenye uzi mwekundu aliofungwa na Bibi tangu alipokuwa mchanga. Kila mtoto wa milima ile anajua uzi huo ni wa nini. Juu vileleni kuna mizimu ya wasichana waliokufa wadogo, wanaoitwa acheri. Ukungu ukishuka nao hushuka, wamevaa nyeupe, wakitafuta watoto wa kucheza nao. Anayewaitikia hupata homa, na asiye na uzi mwekundu haamki. Naye Saruli alikuwa ameitikia mara tatu.

Ukungu ulifunguka kidogo, upana wa mlango, na katika mlango ule aliona kitu cheupe kimesimama ng'ambo. Kilikuwa kidogo, hakina uso. Kikasogea hatua moja. Kisha mlango ukafungwa.

Jiwe likaporomoka. Saruli alilisikia likigonga mara moja, mara ya pili, kisha lisigonge tena kwa kitambo kirefu, kana kwamba korongo halikuwa na mwisho.

Juu yake, kwenye ukingo, nyayo zilikuja mbio.

"Umesikia?" Ilikuwa sauti ya yule mama mgeni. "Juhi hayupo kibandani. Na hiyo sauti iliyoita mama ni yake."

"Ah, dada, tulia," Mjomba akasema, kwa ile sauti yake tamu ya kuuzia chai. "Huo ni mlima. Siku za ukungu unachelewa, unarudisha hata maneno ya jana. Mtoto atakuwa kwa farasi."

"Latif anasema hayupo kwa farasi."

"Basi yuko njiani. Lakini hiyo sauti ni mlima, naapa."

Saruli alilisikia neno hilo la kuapa likipita juu ya kichwa chake. Na papo hapo kule ng'ambo, ndani ya weupe, kikasikika kitu kingine. Kilikuwa kidogo sana.

Hik.

Kisha tena. Hik.

Bibi alikuwa na msemo wake, na kila alipousema alijicheka mwenyewe: mzimu hana tumbo, kwa hiyo hashikwi na kwikwi. Saruli alikaa gizani akiuwaza msemo huo. Akaelewa. Kule hakukuwa na acheri. Kulikuwa na mtoto, na mtoto huyo alikuwa akiifuata sauti iliyomwambia "Niko hapa," na kati yake na sauti hiyo palikuwa na korongo.

Akikaa kimya, mtoto atakuja. Akirudia, mtoto atakuja. Akisema maneno yake mwenyewe, basi mwamba umekwisha, Mjomba amekwisha, na mji mzima utajua nani alikuwa mlima miaka hii yote. Alifungua mdomo, na kwa muda wa kutisha hakuna neno lililotoka. Alikuwa amezoea kungoja la mwenzake.

"Keti chini!" akapiga kelele. "Juhi, keti chini hapo hapo ulipo! Usije! Mimi si mama yako. Wala si mlima. Mimi ni Saruli!"

Juu kwenye ukingo pakawa kimya kabisa. Hata Mjomba hakupumua.

Na katika kimya hicho mlima ukajibu.

"Keti chini, mwanangu," sauti ikasema kutoka ng'ambo, kutoka chini ya kovu, mahali pasipo mtu. Ilikuwa nzito, kavu, ya kale. "Una mti nyuma yako. Ukumbatie. Usiuache."

Saruli hakungoja kusikia zaidi. Alijitupa nje ya kishimo, akaparamia jiwe, akatokea kwenye ukingo kama panya anayetoka ghalani. Mama mgeni alimtazama, kisha akamtazama Mjomba, na Mjomba akautazama ukungu kana kwamba ameandikiwa kitu mle.

"Kuna njia ya wachunga mbuzi inayozunguka kwa juu, ndiyo aliyoifuata," Saruli akasema. "Mzee Latif, lete kamba ya farasi."

Walikwenda wanne: Saruli mbele, baba, mama na Latif. Hawakuona kitu, walifuata kwikwi. Ikisikika kushoto walikwenda kushoto, ikinyamaza walisimama. Mara mbili ardhi ilicheza chini ya miguu yao, na mara moja Latif aliita jina la Mungu kwa sauti ya chini. Mwishowe walimkuta. Msichana wa miaka mitano, gauni jeupe limelowa, ameketi ukingoni mwa kovu, miguu ikining'inia hewani, mikono yote miwili imeukumbatia mwaloni mchanga usiozidi unene wa mkono. Baba alifungwa kamba kiunoni, akatambaa kwa tumbo, akamvuta.

Mama yake alimshika kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Kisha Juhi akaonyesha chini, kwenye weupe. "Mlima wa kwanza ulinidanganya," akasema. "Wa pili ukaniambia nishike mti."

Wote walitazama alikoonyesha. Hakukuwa na mtu. Latif akawahimiza waondoke.

Waliporudi kibandani walimkuta Bibi Khimuli ameketi kando ya jiko, glasi ya chai mkononi, mwavuli umeegemezwa ukutani. Alisema alikuwa nyumbani akichambua dengu, akaona ukungu umezidi, akaamua kumletea mjukuu wake mwavuli. Amefika sasa hivi tu. Kumetokea nini?

Wageni ndio waliomweleza, na hawakupunguza neno. Mjomba alijaribu kusema kwamba ni mchezo wa kufurahisha watu, hakuna aliyeumia.

"Trilok, mwanangu, nyamaza," Bibi akasema. Alitua glasi. "Uongo mdogo hauumi siku unaposemwa, ndiyo maana tunauzoea. Huuma siku ukweli unapopita mlangoni na hakuna anayeutambua. Leo mama amesikia mwanawe akimwita, nawe ukamwapia kwamba ni mlima, mbele ya kengele ya Golu. Na ungeaminiwa, maana mlima wako huongea kila siku. Fikiria hilo kila unapochemsha maji."

Mjomba aliinama. Alitoka nje, akaunganisha viganja mbele ya baba na mama wa Juhi, akaomba radhi bila maneno matamu. Kisha akakibomoa kibao kilichokuwa mlangoni pa kibanda, chenye maandishi makubwa ya kuutangaza mlima uitikao, akakitia motoni. Siku hizi mgeni akiuliza, huambiwa kwamba mlima umekuwa bubu tangu ulipoporomoka. Wageni huita hata hivyo, husikiliza kile kimya, husema kinatisha sana, na hula mahindi mengi kuliko zamani.

"Na wewe," Bibi akamgeukia Saruli. "Ulifanya vibaya kunidanganya kuhusu glasi. Lakini leo ulipata neno lako mwenyewe, na ukalisema wakati lilipokuwa ghali. Lishike. Mtu anayerudia ya wengine tu, siku moja huitwa asijue kuitika."

"Nimekosa, Bibi." Saruli akasogea karibu na moto. "Lakini ile sauti ya pili ilikuwa ya nani?"

"Ya mlima," Bibi akasema haraka. "Umeamka kukusaidia. Mambo haya yapo."

"Si wewe uliyekuwa kule chini ya kovu?"

"Mimi? Na goti hili? Mimi sijawahi kukanyaga kule. Wala hiki kishimo chenu sikukijua mpaka leo. Nilidhani mtoto anaosha glasi."

Saruli alipiga magoti mbele ya bibi yake, akashika pindo la sketi iliyolowa, akaanza kuzichomoa mbegu za kishonanguo, moja moja, akizipanga juu ya jiwe la jiko. Zilikuwa nyingi. Mlimani pale mimea ile haioti njiani wala nyumbani. Huota chini ya kovu tu, ambako hata mbuzi hawaendi. Mjomba aliacha kusugua birika, akatazama.

"Bibi," Saruli akasema kwa upole, "na mvua ya upande wa kushoto ulijuaje?"

Bibi Khimuli alifungua mdomo kujibu. Kilichotoka ni kwikwi.