Bi Mwanakuu Harowi Tena

"... puuu! Maji yote, bibi! Yote! Kichwani kwa mama!"

Mahira alikuwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Bibi yake, Bi Tumu, aliketi mkekani. Magoti hayakumruhusu kutoka siku hizi.

"Maji gani? Vuta pumzi kwanza, mwana wewe!"

Bi Mwanakuu, mamake Mahira, akaingia. Buibui limemganda mwilini, maji yanachuruzika mpaka sakafuni. Akapiga chafya.

"Cheka, mwanangu, cheka. Mimi kesho siendi."

Kicheko cha Mahira kikakatika.

Bi Mwanakuu alishona kofia. Zile nyeupe za mkono, zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Alizishonea humu humu ndani, Mji wa Kale, tangu Mahira hajazaliwa. Wanaume wangapi walizivaa! Lakini nani alimjua mshonaji? Kofia zilikwenda dukani, zikauzwa, basi.

Mwaka huo, 1996, kukawa na tamasha la sanaa uwanja wa Makadara. Mahira alikuwa likizoni kutoka chuo. Akambembeleza mamake asubuhi na jioni. "Njoo ushone mbele ya watu, mama. Wakuone!" Mama akakubali kwa shida.

Lakini ilikuwa Mei, na Mei Mombasa ni mvua.

Mahira ndiye aliyefunga turubai la kibanda chao. Alilivuta likalala sawasawa kama dari. Kisha, kwa kupenda urembo, akatundika leso mpya ukingoni, nusu ndani, nusu nje. Kikapendeza, wallahi!

Mvua ikaja. Maji hayakuwa na pa kwenda. Turubai likafura katikati kama tumbo. Mahira akalisukuma kwa mpini wa ufagio, na maji yote yakamwagikia mamake. Leso nazo zikanywa mvua huko nje, zikaileta ndani. Rangi nyekundu ikadondokea kofia.

"Kofia zangu zimekuwa za waridi," alisema Bi Mwanakuu akijifuta. "Nani atavaa kofia ya waridi msikitini?"

"Bwana harusi mwenye haya," akajibu Bi Tumu.

Bi Mwanakuu hakucheka. "Siku nzima nimekaa na nguo majimaji. Kifua chaniuma. Nikirowa tena, narudi ndani na sitoki kamwe."

"Nipe kesho tu, mama," Mahira akasihi. "Tone moja likikuangukia, nitakurudisha mwenyewe."

Asubuhi Mahira akawahi uwanjani. Kwenye kibanda cha jirani alikuwapo Sidi, msusi wa vikapu vya miyaa. Jana vikapu vyake vyote vilibaki vikavu.

"Subalkheri, mama. Jana hukurowa?"

"Nirowe, kwani mimi samaki?" Sidi akacheka. "Mume wangu Kahindi hufunga maturubai ya malori kule Shimanzi. Sukari ikirowa njiani, ni yeye anayeulizwa. Njoo nikuonyeshe. Lakini toa hizo leso kwanza."

"Ala! Na urembo?"

"Urembo uutundike ndani. Nguo ikiwa nusu nje, nusu ndani, umeyafungulia maji mlango."

Wakafungua kamba.

"Upepo watoka wapi?" Sidi akauliza.

Mahira akatazama bendera za tamasha. "Kule, upande wa bahari."

"Basi huko turubai tulishushe. Huku kwa wateja tulipandishe. Livute sana, lisilegee. Maji yateremke yenyewe. Yakipata pa kulala yatalala, na yakilala ni mazito."

Kisha Sidi akashika kamba iliyotoka kwenye nguzo ya nje. "Maji hufuata kamba. Hutembea nayo polepole mpaka ndani, halafu tip! Shingoni kwa mtu."

"Ati maji yana akili hiyo?"

"Kukushinda wewe jana!"

Mahira akacheka mpaka akashika mbavu. Akachana kitambaa kwenye leso iliyoharibika, akakifunga kwenye kamba, nje ya kibanda, ncha ikining'inia. Maji yakifika hapo yatashuka chini. Nyuma ya kibanda wakachimba mfereji mdogo. Masanduku ya kofia wakayaweka juu ya kreti za soda.

"Na mamako aje na malapa," Sidi akasema. "Na nguo kavu ndani ya mfuko wa nailoni, mdomo umefungwa. Mtu akirowa abadilishe papo hapo. Asingoje kufika nyumbani."

Mahira akakimbia nyumbani kumwambia, na Bi Mwanakuu akaja na mfuko wake. Akatazama juu. Akaketi, akafungua mwavuli.

"Mama! Mwavuli ndani ya kibanda?"

"Huu ni shahidi wangu."

Mvua ikashuka, nayo haikuwa ya mchezo. Mahira aliukodolea macho mwavuli ule. Maji yakateleza juu ya turubai, yakaanguka mfereji​ni. Kitambaa kikadondosha tip, tip, huko nje. Juu ya mwavuli, kimya.

Bi Mwanakuu akatoa mkono, akaukinga. Mkavu. Akafunga mwavuli, akachukua sindano.

Vibanda vingine vilivuja, na watu wakakimbilia kwake. Kibanda kikajaa. Mzee mmoja, Abdulghafur, akavua kofia yake akaikamua.

"Usiikamue hivyo!" Bi Mwanakuu akasema. "Hiyo ni yangu."

"Yako vipi? Nimeinunua dukani."

"Nimeishona mimi. Tazama ndani, ukingoni. Uzi uliniishia, nikamalizia mwingine wa rangi ya maziwa."

Mzee akaigeuza. Akatazama. Akamtazama Bi Mwanakuu.

"Miaka yote naivaa kichwani," akasema taratibu, "kumbe mwenyewe ni wewe!"

Basi kila mwanamume pale akavua kofia yake, akamnyooshea. "Na hii je, bibie? Na hii?"

Jioni Mahira aliingia nyumbani mbio. "Bibi! Bibi! Leo..."

"Nyamaza wewe," mamake akasema. "Zamu yangu."

Akahadithia mpaka chai ikapoa, mikono ikiruka huku na huku.

"Na yule wa mwisho, kofia yake ilikuwa yako?" Bi Tumu akauliza.

Bi Mwanakuu alikuwa akikunja nguo kavu, akizitia tena ndani ya mfuko wa nailoni. Akaufunga mdomo vizuri.

"Nimechoka, mama. Hayo nitakwambia kesho, nikitoka uwanjani."

Mahira akauma ncha ya leso yake asije akapiga kelele za furaha.