Nyumba ya Ngokolo Iliyoitikia Hodi

Haya yalimpata mdogo wangu Vumilia, tuliyezaliwa naye tumbo moja, na mume wake Sostenes. Ukipita Ngokolo leo, nyumba yenyewe utaiona. Ina bati la bluu na haina mtu.

Siku waliyohamia ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Tulipakia godoro na vyombo kwenye guta la mizigo, Vumilia akitembea nyuma na mimba yake ya kwanza, akicheka hovyo. Tangu waoane walikuwa wamepanga chumba kimoja, wakisemwa na mwenye nyumba kwa maji, kwa umeme, kwa wageni. Sostenes aliendesha mitambo mgodini Bugarama, na kila alipokaribia kununua kiwanja, bei ilikuwa imeshamkimbia. Hii ndiyo nyumba pekee waliyoiweza. Muuzaji, kijana aitwaye Eustace, alikuwa na haraka. Funguo aliturushia kutoka barabarani. Getini hakusogea.

Jumatatu mchana nilikwenda kumwona Vumilia. Nikabisha hodi.

"Karibu," ikajibu sauti ya bibi, ya kukwaruza. "Kaa. Wenyewe hawajafika."

Nikasukuma mlango, nikaingia. Sebule ilikuwa tupu. Vumilia akatokea nyuma yangu, ametoka sokoni, mkononi ana fungu la mchicha.

"Dada, umeingiaje? Mimi nilifunga."

Tangu hapo kila aliyebisha, sauti ilimuwahi. Mchana kweupe. Katekista alikuja kubariki nyumba. Akakaribishwa, akaishia barazani. Mama Serafina, jirani yao, alininong'oneza penye ua.

"Ni mama yake Eustace. Hakutaka iuzwe. Walimbeba na kiti chake, amekishikilia. Kijijini hakumaliza mwezi, wakamzika."

"Mbona hukutuambia?"

"Mngenisikia? Mlikuwa na furaha."

Siku moja Vumilia alikuwa anakunja nguo za mtoto chumbani. Sauti ikamjia sikioni kabisa.

"Ng'wanawane," ilimwita kwa Kisukuma, kama mama anavyomwita mwanawe. "Nyumba hii mmelipa kwa nani?"

Alikuja kwangu peku.

Sostenes alikataa kuhama. Eustace alikuwa hapatikani tena kwenye simu. "Ujana wangu wote uko kwenye kuta zile," aliniambia, macho mekundu. "Nirudi kupanga? Nikaombe ruhusa ya kupokea wageni?" Akabaki humo peke yake.

Wiki iliyofuata mgodini hakuonekana. Nikamfuata. Jua lilikuwa la utosi. Nilimkuta amekaa mchangani mbele ya mlango wake mwenyewe. Funguo mkononi. Midomo imepasuka kwa kiu.

"Shemeji, ingia ndani."

Hakunitazama. Alinong'ona tu.

"Nimebisha. Sijakaribishwa."

Mlango ulikuwa wazi.

Leo wamepanga tena chumba kimoja, wao na mtoto. Kazi ya mgodini ilishapotea. Sostenes hawezi kuingia hata hicho chumba cha kupanga mpaka mke wake atamke karibu. Akikawia, mwanaume yule husimama nje na mvua ikimpiga. Vumilia haongei naye sana siku hizi. Na nyumba hakuna anayeitaka, maana kila mnunuzi hubisha hodi kwanza. Eustace, nasikia, amejenga Geita.

Mwezi uliopita nilikwenda na fundi Deusdedit kutoa kitanda kilichobaki. Kufuli ilikuwa imeota kutu, tukaivunja. Tukafungua.

Sakafu yote ya saruji ilikuwa imesiribwa kinyesi cha ng'ombe kibichi, kwa mkono, kama wanavyofanya bibi zetu kijijini. Mtaa ule hauna ng'ombe. Madirisha yana nondo, na mlango wa nyuma ulishazibwa kwa tofali. Alama za viganja zilikuwa bado zinang'aa kwa maji. Zilianzia ukuta wa mbali, zikaja mstari kwa mstari, zikakoma kizingitini, mbele ya vidole vyetu vya miguu.

Deusdedit aliinama, akagusa moja. Ilikuwa na joto.

Kitanda tulikiacha.