Mama Hajasafiri

Kila siku akitoka shule, Nyanzala aliteka maji bombani, akafagia uwanja, kisha akabandika sufuria ya ugali jikoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hizo hazikumchosha. Kilichomchosha ni mlio uliotoka nyuma ya pazia la chumba cha mama: kwaru, kwaru, kwaru. Ulikuwa mlio wa kucha juu ya ngozi. Ulimfuata jikoni, ukamfuata bombani. Hata darasani, chaki ilipokwaruza ubao, mwili wote ulimsisimka.

Mama yake, Kija, alikuwa na ugonjwa wa pumu ya ngozi. Ulianzia kwenye viwiko, ukashuka mikononi, ukapanda shingoni. Ngozi ilikauka, ikapasuka, ikatoa majimaji. Zamani alikuwa akipika maandazi na kuyauza pale mtaa wa Kawajense. Siku moja mteja aliitazama mikono yake, akarudisha andazi kwenye beseni, akaondoka. Tangu siku hiyo Kija hakupika tena. Aliacha kwaya, akaacha kwenda sokoni, mwishowe akaacha hata kutoka uani. Alishinda chumbani, dirisha limefungwa, katika joto la Oktoba.

"Mtu akiniulizia, mwambie nimesafiri," alimwagiza Nyanzala. "Sema nimeenda Kaliua kwa shangazi yako."

Nyanzala alitii. Baba yake, Malale, alikuwa mbali machungani na ng'ombe, kwa hiyo hakukuwa na mtu mwingine wa kuwajibu watu. Lakini kadiri alivyourudia uongo ule, ndivyo alivyoona kama mama ameondoka kweli, na kilichobaki nyuma ya pazia ni kivuli tu kinachojikuna.

"Kwenu kuna kitu," Abednego, mwenzake wa darasani, alimnong'oneza. "Mama yako hayupo, lakini tukipita karibu na dirisha tunasikia kinakwaruza. Mnafuga nini nyie?"

Nyanzala akageukia daftari lake. Siku hizo hata yeye aliogopa kuingia chumbani.

Jumamosi moja mchana alimpelekea mama uji. Alimkuta ameketi sakafuni, mikono ya gauni imelowa damu.

"Kunywa kidogo, mama."

"Wewe na baba yako mngepumzika kama mimi nisingekuwepo," mama akasema.

Hakulia. Alisema kwa sauti tulivu, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Utulivu huo ndio uliomtisha Nyanzala. Aliweka kikombe chini, akatoka mbio.

Jirani yao, Mama Pacifique, aliyekuwa akiongoza kwaya, alikuwa akianika mpunga nje.

"Vipi, mama amesharudi kutoka Kaliua?"

"Mama hajasafiri," Nyanzala akasema. "Yupo ndani. Siku zote yupo ndani. Niliwadanganya. Na leo amesema ni afadhali asingekuwepo."

Mama Pacifique hakumgombeza. Aliwaachia kuku mpunga wake, akaenda moja kwa moja hadi chumbani, akafunua pazia. Kija alijifunika uso kwa khanga.

"Usiniguse! Nitakuambukiza!"

"Nani amekuambia?" Mama Pacifique aliketi sakafuni, akaishika mikono ile iliyopasuka. "Mdogo wangu, kwa nini umejizika ungali hai?"

Nyanzala akiwa mlangoni alijaribu kukumbuka ni lini mtu alimshika mama mkono. Hakukumbuka. Hata yeye hakuwa amemshika. Ndipo mama akaangua kilio kikubwa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Nyanzala akamtambua.

Siku ileile walipanda bajaji kwenda hospitali.

"Pumu ya ngozi haiambukizi," daktari alisema. "Si uchawi wala si uchafu." Alimpa dawa ya kupaka na mafuta ya kulainisha ngozi, akamkataza sabuni kali. Kisha akauliza polepole, "Unalala? Unakula? Umewahi kuona ni bora usiwepo?"

Kija aliinamisha kichwa. "Ndiyo. Kila siku."

"Asante kwa kusema. Hilo nalo lina tiba." Akampeleka kwa mshauri wa afya ya akili, naye akapanga wawe wanakutana kila wiki.

Malale alipopigiwa simu alirudi, akakaa na mkewe. Ugonjwa haukuisha kabisa. Kuna wiki ngozi ilitulia, na kuna wiki ilichachamaa. Lakini dirisha lilifunguliwa, na majirani wakawa wanaingia na kutoka.

Hata hivyo, hofu haikumtoka Nyanzala haraka. Kila siku alirudi mbio kutoka shule, akaita kutoka mbali, "Mama! Mama!" mpaka aitikiwe.

"Mbona unaniita kama mtu aliyepotea?" mama akamuuliza siku moja.

"Nahakikisha kama upo."

Kija alimvuta karibu. "Nilikubebesha uongo mzito, mwanangu. Ngozi iliniuma, lakini kujificha ndiko kulikokuwa kunanimaliza. Siku ile uliposema ukweli nilikasirika, ila ukweli huo ndio ulioniokoa. Mtu akikuambia maneno kama yale, kwamba ni bora asiwepo, hata akikuapisha usiseme, kimbia ukamwambie mtu mzima unayemwamini. Siri ya namna hiyo haitunzwi."

Akaushika uso wa mtoto kwa mikono yake miwili.

"Mimi nipo," akasema.