Hewa Inayopita Haraka

Fuu… fuu… Kila alfajiri Bonareri aliamshwa na sauti hiyo kabla hajafumbua macho. Ni mama yake, jikoni gizani, akipuliza moto kwa kipande cha bomba la chuma. Bomba hilo lilitoka kiwanda cha majani chai, ng'ambo ya Nyamira, ambako baba yake, Nyangau, alichochea tanuri. Huko moto huyapasha mabomba joto, hewa husukumwa ndani yake ikapata joto, kisha hewa hiyo hukausha majani.

Baba hakuwa amerudi tangu palizi ya mahindi. Bonareri alijaribu kukumbuka jinsi anavyokohoa kabla ya kubisha hodi, akashindwa. Hilo lilimuuma sana.

Siku hiyo aliomba bomba aende nalo shuleni. Mwalimu Okoth aliwataka wanafunzi wa darasa la saba wakokotoe, wawili wawili, hewa inayopita katika bomba la moto hubeba joto kiasi gani. Wawili watakaofanya vizuri wangefuatana naye hadi kiwanda kile kile. Tangu asikie hayo, Bonareri hakuwaza kingine.

Waliweka bomba juu ya jiko la makaa. Mwenzake, Mong'ina, alisukuma hewa kwa pampu ya baiskeli, naye Bonareri akashika kipimajoto kwenye mdomo wa bomba. Hewa iliingia ikiwa na digrii ishirini. Iliposukumwa polepole, ilitoka na sitini. Mong'ina alipoongeza kasi maradufu, kipimajoto kilishuka hadi hamsini.

Bonareri alishtuka. Nyumbani, kadiri mama anavyopuliza kwa nguvu ndivyo moto unavyowaka. Hakika walikuwa wamekosea, na safari ingewaponyoka. Mwalimu alipouliza, akajibu haraka kwamba ilikuwa sabini.

Njiani kurudi nyumbani Mong'ina alimwambia, "Nimesukuma mpaka mabega yakawaka moto, halafu wewe unamwambia mwalimu namba ya kwako."

Jioni mama alirudi kutoka darasa la watu wazima, akamkuta amejiinamia. Alipoelezwa, hakumgombeza. Alishika mkono wa binti yake akauweka mbele ya bomba, mbali na moto, akapuliza. Pumzi ilikuwa baridi.

"Unaona, mwanangu? Mimi naulisha moto," mama alisema. "Hewa yenu ilikuwa ndani ya bomba, haikugusa makaa. Ikipita mbio, itapata wapi nafasi ya kupata joto?"

Asubuhi, kabla kengele haijalia, Bonareri alimwendea mwalimu akakiri. Mwalimu Okoth alimwita Mong'ina pia, akawaonyesha ubaoni. Hewa ya polepole waihesabu kuwa fungu moja. Joto lilipanda digrii arobaini, kwa hiyo ilibeba arobaini. Hewa ya haraka ilikuwa mafungu mawili. Kila fungu lilipanda digrii thelathini, kwa hiyo jumla ilibeba sitini. Ilitoka ikiwa na joto la chini, lakini kwa muda ule ule ilibeba joto zaidi.

"Ukipima vibaya, unapima tena," mwalimu alisema. "Lakini namba uliyoitunga, utaenda kuipima wapi?"

Safari walipewa wenzao wawili wa darasani, Ombui na Nyamweya. Gari lilipowachukua, Bonareri alisimama penye ua wa shule hadi vumbi likatulia. Mong'ina alisimama naye. Alimnong'oneza kwamba Ombui atatapika kabla ya kufika, na wote wawili wakacheka kidogo.

Ijumaa iliyofuata, jua likielekea kuzama, mtu alikohoa nje. Bonareri alikitambua kikohozi hicho papo hapo.

Baba alinukia moshi na majani chai. Alieleza kwamba mwalimu alimtafuta kule tanurini, akamsimulia habari za hamsini na sabini, naye akaenda moja kwa moja kumwomba msimamizi ruhusa.

"Kule kwetu, mtu akidanganya joto la hewa, majani huungua au huoza," alisema, akiketi karibu na moto. "Ulikosea, lakini ulirudi mwenyewe kusema kweli, ukijua safari itakuponyoka. Mtoto wa namna hiyo nitamtembelea hata kwa miguu."

Mama alimkaribisha chai. Baba aliipokea akiwa bado na koti mwilini, akaanza kutaja gari la kurudi. Bonareri aliushika mkono wa koti lile.

"Baba, usipite haraka," alisema.