Saa ya Evaristi

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye migomba, Deodatha alikuwa ameshateka maji, ameshafagia uwanja na kuwafunga mbuzi malishoni. Mama yake, Auleria, alikuwa ameshaondoka kitambo, jembe begani, kwenda kulima kibarua katika mashamba ya watu. Tangu mumewe afariki, kibanja chao kiliwapa ndizi za kutosha na kahawa kidogo, lakini sabuni, chumvi na sare za shule vilitoka kwenye jembe lile. Jioni mama alirudi ameinama kama mtu aliyebeba gunia, akaketi kwenye kigoda na kunyoosha miguu. Deodatha alimletea maji ya kunawa. Mara nyingi mama alisinzia mikono ikiwa bado ndani ya beseni.

Ilikuwa mwaka 1988. Kijiji chao kilikuwa mlimani karibu na Murongo, mahali ambapo Mto Kagera unatenganisha Tanzania na Uganda. Deodatha alikuwa darasa la sita. Kaka yake, Evaristi, alikuwa kijana mkubwa aliyemaliza shule miaka ya nyuma, mrefu, mcheshi, mwenye mikono iliyopasuka kwa kazi.

Mama alikuwa na mpango mmoja tu, naye aliutunza kwa misimu kadhaa ya kahawa. Alitaka cherehani. Deodatha alikuwa amejifunza kushona kwa masista wa parokia, na mama mwenyewe alijua kukata nguo tangu ujana wake. Wakipata cherehani, angeacha kulima kwa watu, angekaa barazani kwake na kushona sare za watoto wa shule.

"Mgongo huu hauna misimu mingi tena," alisema siku moja, akiifunga fedha kwenye kitambaa na kumkabidhi Evaristi. "Nendeni Mbarara, huko cherehani zipo. Deodatha aijaribu kwanza, asikilize inavyokwenda, ndipo ulipe."

Waliondoka alfajiri. Mtoni walivushwa na Twagirayezu, mwenye mtumbwi. Twagirayezu alikuwa mtu wa makamo aliyetoka Rwanda zamani akiwa kijana, akapewa kipande cha shamba karibu na mto. Hakuwa msemaji. Binti yake, Therese, alisoma darasa moja na Deodatha.

"Shikamoo, baba Therese," Deodatha alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa katikati, maji yamejaa."

Upande wa pili walibadilisha fedha zao, wakapanda gari la mizigo, wakafika Mbarara vumbi limewajaa hadi kwenye kope. Duka la cherehani lilikuwa limefungwa. Kijana wa jirani aliwaambia mwenye duka atarudi baada ya chakula cha mchana. Wakaanza kuzungukazunguka mtaani, njaa inawauma, jua linawachoma.

Ndipo Evaristi aliposimama mbele ya duka la saa.

Kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake saa zimelazwa juu ya kitambaa cheusi. Muuzaji alikuwa mzee nadhifu mwenye tai. Hakuwafukuza, ingawa nguo zao zilikuwa na vumbi. Alitoa saa moja ya rangi ya dhahabu, akaifuta kwa leso, akaifunga kwenye mkono wa Evaristi bila kuulizwa.

"Hii imetengenezwa Uswisi," alisema kwa Kiswahili cha taratibu. "Ni saa ya mtu mkubwa. Ukiitunza, watakuja kuivaa wajukuu wako."

Evaristi aliutazama mkono wake muda mrefu. Ulionekana kama mkono wa mtu mwingine. Tangu baba yao afe alikuwa amevaa mashati ya kupewa, na hakuna kitu alichowahi kununua kwa ajili yake mwenyewe. Deodatha aliiona sura ya kaka yake inabadilika, akaogopa.

"Kaka, twende. Mama alisema cherehani."

"Mama hakujua kama kuna hii," Evaristi alimjibu kwa sauti ya chini. "Sikiliza. Wale wenye malori wanaokuja kuchukua kahawa Kayanga wanapenda vitu kama hivi, na kwetu havipatikani. Nitamuuzia mmoja wao kwa bei ya juu. Tutanunua cherehani, na fedha nyingine itabaki ya mabati. Mama atafurahi."

"Na wasipoinunua?"

Evaristi alikuwa ameshakifungua kile kitambaa cha mama.

Njiani kurudi Evaristi aliuweka mkono wake dirishani ili saa ipigwe na jua. Lakini walipokaribia mto aliivua, akaiviringisha ndani ya soksi na kuiingiza chini kabisa ya mfuko wake.

"Mama akituona tumerudi mikono mitupu, tutamwambia nini?" Deodatha aliuliza.

"Tutasema tumeibiwa asubuhi, wakati wa kuvuka. Ni kwa muda tu, mpaka niiuze. Wewe kaa kimya, mimi nitasema. Tafadhali, Deo."

Mtumbwini walivushwa na mtu mwingine. Deodatha aliyatazama maji njia nzima. Alikuwa amechoka, anataka tu kufika nyumbani na kulala.

Mama aliwapokea mlangoni. Evaristi alieleza kwamba kulikuwa na msongamano wa watu wakati wa kuvuka, na walipofika Kikagati, ng'ambo ya mto, kitambaa hakikuwepo, wakakitafuta kutwa nzima. Mama aliketi polepole. Deodatha alitegemea atalia au atafoka. Badala yake aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akauliza, "Lakini nyinyi hamkuumia?"

"Hapana, mama," alisema Evaristi.

"Basi." Akaliangalia jembe lake lililoegemea ukuta, akalala bila kula.

Evaristi alidhani mambo yataishia hapo. Hakulitaja jina la mtu yeyote. Lakini habari za wizi hazikai ndani ya nyumba moja. Majirani walikuja kumpa mama pole, na kila mmoja aliuliza ni nani aliyewavusha asubuhi ile. Jibu lilikuwa moja tu. Kabla ya Jumapili watu walikuwa wanasema bila kuficha kwamba Twagirayezu ndiye mwizi. Wengine walikumbuka kwamba alikuja na sufuria moja tu, wakauliza alipata wapi fedha ya mtumbwi, ingawa kijiji kizima kilimwona akiuchonga mwenyewe. Mgambo waliuburuta mtumbwi hadi ofisi ya kijiji, wakaufunga kwa mnyororo. Mwenyekiti, mzee Kahigi, akaitisha mkutano.

Wakati huo saa ilikuwa bado ndani ya soksi. Evaristi alikwenda Kayanga, akarudi nayo. Tajiri mmoja wa lori aliishika, akaisifu, kisha akamuuliza kijana kama yeye ameipata wapi. Evaristi aliogopa, akaondoka. Hakuweza kuiuza waziwazi, wala kuivaa, wala kuitupa. Alikuwa amekonda, na chakula alikuwa anakigusagusa tu.

Deodatha naye alikuwa na uchovu ambao usingizi haukuuondoa. Darasani mwalimu alimwita mara mbili ndipo akasikia. Kiti cha Therese kilikuwa kitupu.

Alimkuta Therese kisimani. Alikuwa na madebe mawili, macho yamevimba.

"Siji shule," Therese alisema. "Wananiita mtoto wa mwizi. Na mama amekwenda kulima kibarua kwa sababu baba hana kazi." Akayaweka madebe chini. "Deodatha, wewe ulikaa katikati ya mtumbwi. Ulimwona baba akichukua kitu?"

Deodatha aliinama kama anayeosha debe. "Sikumwona."

"Basi ukiulizwa, sema hivyohivyo. Hata hilo litatusaidia. Asante."

Therese alijitwisha debe, akaondoka. Ile asante ilimwuma Deodatha kuliko tusi lolote. Aliyaacha maji palepale, akapita njia ya mkato hadi kwenye shamba alikolima mama.

Mama alikuwa katikati ya mstari, anapalilia peke yake. Alipomwona binti yake akihema aliegemea mpini.

"Kuna nini? Mbuzi amekata kamba?"

"Mama, hatukuibiwa," alisema Deodatha. Akamweleza yote, la duka, la saa, la soksi, la maneno waliyopatana kabla ya mto. Alisema akitazama chini, kwenye magugu yaliyong'olewa. Alipomaliza, alingoja kofi.

Mama hakumpiga. Aliketi chini kwenye udongo, jembe likiwa mapajani. Akauliza, "Umekaa nalo tangu siku ile?"

"Ndiyo, mama. Nilidhani kaka ataiuza, halafu yatakwisha."

"Na mimi nilimpita Twagirayezu njiani juzi. Alinisalimia. Sikumwitikia." Mama aliufuta uso kwa kiganja chenye udongo. "Twende nyumbani."

Evaristi alikuwa uwanjani anageuza kahawa kwenye jamvi. Mama alinyoosha mkono tu. Yeye alimtazama Deodatha, kisha mama, akaingia ndani na kurudi na soksi. Mama aliitoa saa, akaishika kwa ncha za vidole. Ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa inatembea bila kukosea.

"Nilitaka kuleta zaidi, mama," alisema Evaristi. "Nilichoka kuwa mtu wa kuonewa huruma."

"Najua umechoka. Hata mimi nimechoka. Lakini kesho ni mkutano, na mimi sitasema kwa niaba yako."

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule. Twagirayezu alisimama mbele, kofia mikononi, mkewe Nyirabageni na Therese wameketi karibu na mlango. Mzee Kahigi aliuliza kama familia ya Auleria ina la kuongeza kabla kijiji hakijaamua. Evaristi aliketi, kichwa kati ya magoti. Hakuinuka. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua mdomo kuendelea, Deodatha akasimama.

"Shikamooni, wazee," alisema. "Baba Therese hakuchukua kitu. Fedha tulifika nayo Mbarara."

Ndipo Evaristi akainuka, akaweka saa juu ya meza ya mwalimu. "Anasema kweli. Nilinunua hii, kisha nikasema uongo. Mdogo wangu nilimlazimisha."

Watu walianza kuzungumza wote kwa pamoja. Mzee Kahigi aliwanyamazisha, akaamuru mtumbwi ufunguliwe saa ileile, na Evaristi alime shamba la Twagirayezu mpaka zile siku zake zilizopotea zilipwe. Kisha alimwuliza Twagirayezu kama ameridhika.

Twagirayezu alifikiri. "Mtumbwi nimerudishiwa," alisema. "Lakini hawa waliokaa hapa wameniita mwizi huku wanajua ninapoishi, wanajua watoto wangu. Hilo sijui nitarudishiwa na nani."

Kwanza aliinuka mama. Alivuka darasa, akapiga magoti mbele yake kama ilivyo desturi ya kijijini wakati wa kuomba radhi, akasema, "Ulinisalimia, sikukuitikia. Nisamehe." Baada yake walikuja wengine, mmojammoja, wengi wao bila kuthubutu kumtazama usoni. Wengine walitoka nje kimyakimya.

Evaristi alilima kwa Twagirayezu. Mwanzoni Twagirayezu hakusema naye neno ila kumwonyesha pa kuanzia. Hata hivyo Nyirabageni alimpelekea uji kila siku, na siku ya mwisho mwenye shamba alikuja mwenyewe na jembe, wakamalizia mstari pamoja.

Kisha mama, Evaristi na Deodatha wakaenda Mbarara. Walivushwa na mtumbwi wa Twagirayezu. Mzee wa duka la saa hakutaka kuipokea. Mama hakubishana, aliketi kwenye ngazi ya duka mpaka mzee yule akamhurumia. Aliichukua kwa bei pungufu. Fedha iliyopatikana haikufikia cherehani mpya, basi wakanunua iliyokwisha kutumika, Evaristi akiongezea kile alichopata kwa kuuza baiskeli aliyoachiwa na baba yake. Deodatha aliijaribu kwenye kitambaa chakavu. Ilikuwa na kelele, lakini mshono ulinyooka.

Wakati wa kurudi, wakingoja mtumbwi upande wa Kikagati, Evaristi alilala usingizi kwenye nyasi kando ya mzigo. Deodatha alimwuliza mama jambo lililokuwa likimsumbua.

"Mama, kaka hakumtaja baba Therese. Kwa nini watu walimwona yeye tu?"

Mama alijivuta karibu naye.

"Kwa sababu uongo ukiachwa peke yake hutafuta mtu wa kumwangukia, mwanangu. Na humwangukia yule asiye na ndugu wengi wa kumtetea. Kaka yako alidhani anadanganya kuhusu fedha yetu tu. Hakujua anachukua chakula cha watoto wa mtu. Nawe ulisema ukweli, nakushukuru kwa hilo, lakini ulichelewa. Ukijua mtu anaumia kwa jambo usilolisema, usingoje liishe lenyewe. Haliishi. Yeye ndiye anayekwisha."

"Nimeelewa, mama."

"Na kutamani kitu kizuri si kosa. Ningependa hata mimi siku moja nikuone umevaa saa. Lakini iwe umeinunua kwa jasho lako, na uweze kuivaa hadharani, mtu akikuuliza umeipata wapi umjibu bila kumeza mate."

Mtumbwi ulikuwa unakaribia. Twagirayezu alikuwa anapiga kasia taratibu, na mbele yake aliketi Therese, aliyetoka shule na sare yake bado mwilini. Mama alijishika kiuno, akainuka kwa shida, akamwamsha Evaristi ili wapakie.