Uso wa Pili Kwenye Simu ya Bei Mbaya

Kwenye kioo cha simu, kisanduku cha kwanza cha manjano, kile kinachotambua nyuso, kilikaa usoni pa binti. Cha pili kikakaa kando yake, mbele ya shuka jeupe la ukutani, penye hewa tupu.

Mpiga picha za pasipoti alicheka. Kila asubuhi kabla ya wateja alikuwa akimkalisha Kifungo, bintiye wa miaka sita, kwenye stuli ili apime mwanga. Na simu hii mpya ilikuwa toleo la juu kabisa, lililomeza bei ya simu tatu za kawaida.

"Mama Kifungo, simu yako ya bei ya kati ingeona hivi?"

"Yangu inaona waliopo tu, mume wangu. Na chaji inakaa siku mbili."

Chini ya kisanduku cha pili simu ikaandika: *Uso huu umeonekana mara arobaini. Mpe jina.* Naye mpiga picha, bingwa wa utani usioombwa, akaandika: *Wa Nyumbani*.

Kuanzia siku ile shuka likanuka nywele zilizoungua. Siku ya tatu mvua ikapiga, umeme ukakatika, Kifungo akashikwa na homa, na baba yake alipomwelekezea simu pale kwenye godoro alikuta kisanduku cha pili kimehama kutoka kwenye shuka, kipo mlangoni, na kila simu ilipoangalia pembeni kilikuwa kimesogea, hatua moja, nyingine, mpaka kikafika ukingoni mwa godoro na harufu ile ikajaa chumbani.

Mkewe alikuwa amempigia mganga kwa simu yake, sauti imewekwa juu ili wote wasikie.

"Nani alimpa jina?"

"Mimi, mzee. Nilikuwa natania."

"Basi umempa kwao, sasa hapa ni nyumbani kwake. Msiiondoe simu kwake, akionekana kwenye kamera hasogei. Mimi ndiye nitakayemtoa. Nimekwama kwenye mafuriko, nipeni nusu saa."

Asilimia tatu. Simu ya bei mbaya ilikuwa inakunywa chaji kama ina kiu ya mwaka mzima.

"Futa hilo jina," mkewe alinong'ona.

"Nimefuta mara sita. Linarudi."

Asilimia moja. Mpiga picha akapiga magoti, simu mikononi.

"Bwana mkubwa, nichukue mimi. Mtoto hajui lolote. Mpumbavu wa nyumba hii ni mimi, uliza yeyote."

Kisanduku kilitulia, kana kwamba kinafikiri. Simu ikazimika.

Mkewe akainua ya kwake, chaji asilimia themanini, akaielekeza kwenye godoro. Kisanduku kimoja tu, usoni pa mtoto.

"Ameondoka!" alilia. "Mzee, hatumwoni tena, ameondoka!"

Mganga akauliza: "Ameondoka, mama, au ile simu nyingine imezimika?"

Upande wa ukutani godoro lilikuwa linabonyea, taratibu, kama linavyobonyea mtu mzima anapojilaza.

"Baba," Kifungo alisema, macho amefumba, "mwambie asogee kule. Mwili wake una baridi."