Gunia Juu ya Dohani

Sisi tunakaa Vatikani. Watu wakisikia hivyo wanadhani tunakula meza moja na Baba Mtakatifu. Wapi! Tunakaa ghorofa ya juu, kwenye nyumba ya wafanyakazi iliyo karibu na Lango la Mtakatifu Anna, na ngazi zetu zinanuka kabichi kama ngazi za watu wengine. Mume wangu Egidio anaendesha lifti ya Basilika, ile inayopandisha wageni hadi kwenye paa, chini ya kuba kubwa. Mimi, Loredana, nashona majoho ya mapadre katika duka lililo nje ya ukuta. Kila asubuhi natoka nchi moja naingia nyingine, na ladha ya kahawa bado iko mdomoni. Walinzi wa Uswisi langoni wananijua. Wananiuliza kama binti yangu Ornella amemaliza hesabu zake.

Mwaka ule Baba Mtakatifu alifariki. Makadinali wakajifungia katika kikanisa cha Sistina kumchagua mwingine. Siku kama hizo hakuna anayefanya kazi ya maana. Kila mtu anatazama dohani moja, bomba jembamba la moshi juu ya paa la Sistina. Moshi mweusi, bado hajapatikana. Moshi mweupe, amepatikana.

Na mama mkwe wangu, Bibi Settimia, tunayekaa naye, akachagua siku hiyo hiyo kupika maharage.

Alikuwa na jiko la kuni la chuma, alilorithi kwa mama yake. Kuni zilikuwa mbichi. Dohani yetu ikatoa moshi mzito, mweupe pee. Watu waliojaa barabarani nje ya ukuta wakauona.

"Moshi mweupe! Moshi mweupe!"

Watu wakaanza kukumbatiana. Wengine wakapiga magoti palepale. Wakangoja kengele za Basilika, kengele hazikulia. Baadaye kidogo askari akagonga mlango wetu. Alikuwa anajikaza asicheke.

"Bibi, samahani," akasema. "Naomba uyazime hayo maharage."

Majirani hawakumwacha Egidio apumue. Kwenye ngazi, kwenye lifti, kila mahali: "Jamani, Bibi Settimia ametuchagulia Papa Maharage wa Kwanza!" Egidio ni mtu wa aibu. Alipanda paani, akasokomeza gunia la matambara kwenye dohani yetu, na juu yake akaweka kigae.

"Sasa hata Mama apike ng'ombe mzima, moshi hautatoka," akasema.

Siku iliyofuata Baba Mtakatifu mpya alipatikana. Kengele zililia, tukakimbilia uwanjani, tukalia kwa furaha. Jiko la kuni tulilipeleka stoo. Gunia likabaki paani. Kiangazi chote hatukulikumbuka.

Baridi ilipoingia, Egidio alileta hita ya gesi. Aliifunga mwenyewe. Mume wangu akishika bisibisi hasikii la mtu. Bomba la hita aliliingiza kwenye lile lile tundu la ukutani la jiko la zamani.

"Na gunia je?" nikamuuliza.

"Gunia limefanya nini? Gesi haina moshi, Loredana. Unaona moshi hapa?"

Nilitazama. Moto ulikuwa mdogo, wa bluu, umetulia. Sikuona moshi. Halafu tukaziba nyufa zote za madirisha kwa karatasi ya gundi, ili baridi isipenye.

Wiki ile ile kichwa kikaanza kuniuma.

Mwanzoni nilidhani ni macho, kwa sababu ya kushona. Lakini Ornella naye akawa anaamka amelegea. Anasukuma chakula, anasema tumbo linamchafuka. Bibi Settimia, mwanamke mwenye nguvu za punda, akawa anashika ukuta akitoka jikoni. Egidio pekee alikuwa na afadhali, maana alishinda juu ya paa la Basilika kwenye upepo.

Paka wetu akagoma kuingia ndani. Nilimbeba, akanikwaruza, akakimbilia ngazini. Alisimama hapo akitutazama kupitia mlango.

Siku moja Bibi Settimia alirudi kutoka Misa akanivuta pembeni.

"Mwanangu, nyumba hii ina kitu," akaninong'oneza. "Nikiwa Basilika, kwenye kaburi la Mtakatifu Petro, kichwa kinapona kabisa. Nikirudi hapa, kinaanza tena. Kwa nini?"

"Umechoka tu, Mama."

"Sijachoka! Wewe unajua kuna nini chini yetu. Walipochimba mahali pa kuegesha magari, si walikuta makaburi? Makaburi ya wapagani, maelfu ya miaka! Wamekasirika."

Ningecheka, ila sikuweza. Nami nilikuwa nasikia mambo. Jioni masikio yangu yalivuma, moyo ulinidunda bila sababu, na nilihisi kama kuna mtu amesimama nyuma yangu. Nilikuwa naogopa jikoni kwangu mwenyewe. Niliogopa kumwacha Ornella peke yake hata nikienda kuanua nguo.

Bibi akamwita padre aje kubariki nyumba. Majirani wakajaa mlangoni, mlango ukaachwa wazi muda mrefu. Jioni hiyo hakuna aliyeumwa kichwa.

"Mmeona?" Bibi akasema, amejaa ushindi.

Hata mimi niliamini. Kesho yake baridi ikazidi. Tukafunga mlango, tukaongeza moto wa hita. Maumivu yakarudi, tena makali zaidi. Bibi akachukua chupa ya maji ya baraka, akanyunyiza kila pembe, kisha akaziba hata tundu la ufunguo kwa kitambaa.

"Ili mizimu isiingie," akasema.

Jioni moja ya mvua nilikuwa chumbani nakunja nguo. Ornella alikuwa jikoni, kwenye meza iliyo karibu na hita, anaandika kazi ya shule. Bibi alikuwa kwenye kiti chake na rozari yake mkononi. Nilikuwa namsikia akisali. Halafu sikumsikia tena.

"Mama?" nikaita.

"Ornella?"

Nikaenda. Ornella alikuwa amelaza kichwa juu ya daftari. Nilidhani amesinzia. Nikamtikisa, kichwa kikaanguka upande mwingine. Bibi alikuwa ameinamia kifua, rozari imeanguka sakafuni.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Nilimshika mtoto kwapani nikamburuta. Mlango ulikuwa mbali, na ni hatua chache tu! Mikono yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nilifungua, tukaangukia ngazini, juu ya sakafu ya baridi.

Tarcisio alikuwa anapanda kwenda kwake. Ni jirani yetu, zimamoto wa hapa hapa Vatikani. Alitutazama mara moja tu.

"Nani mwingine yuko ndani?"

"Mama! Niache nirudi..."

"Hurudi!" akanishika bega, akanikalisha chini kwa nguvu. "Ukirudi nitawatoa wawili. Mshushe mtoto, mpeleke kwenye dirisha la ngazi, fungua!"

Akavuta pumzi ndefu, akaingia mbio huku amebana pua. Nikasikia dirisha likipigwa. Kioo kikavunjika. Akatoka akimburuta Bibi, akavuta pumzi nyingine, akarudi kuzima gesi. Kisha akapiga simu kwa wenzake.

Nilimshika Ornella dirishani, mvua ikitunyeshea usoni. Alikuwa anapumua, lakini kidogo sana. Niliweka sikio mdomoni mwake. Nikipoteza ile pumzi kidogo, nilijiambia, nami nakufa. Sikuwaza makaburi tena.

Wenzake Tarcisio walifika na mtungi wa oksijeni. Wakamfunika Ornella kifaa cha kupumulia, na Bibi vilevile. Nchi yetu haina hospitali ya kulaza wagonjwa. Gari likatutoa kupitia Lango la Mtakatifu Anna, king'ora kinalia. Yule kijana wa Uswisi anayeulizia hesabu za Ornella alisimamisha magari yote kwa mikono yake. Nilimwona anafanya ishara ya msalaba.

Egidio alitukuta hospitali, bado amevaa koti lake la kazi. Daktari alikuwa amesema Bibi yuko salama, ila kwa mtoto tungoje. Tuliketi kwenye benchi. Tarcisio alikuja kukaa nasi.

"Egidio," akasema polepole. "Hita yako inatoa hewa yake wapi?"

"Kwenye dohani."

"Na dohani iko wazi?"

Uso wa Egidio ulibadilika. Akainua mikono akajifunika macho.

"Gunia," akasema. "Mungu wangu. Naliona kila siku nikiwa juu ya paa la Basilika. Kila siku naliangalia."

"Lakini haikuwa na moshi!" nikasema. "Hata harufu hatukusikia!"

"Ndiyo ubaya wake," akasema Tarcisio. "Gesi yenyewe ikivuja utasikia harufu. Hii ni kitu kingine. Kila moto, wa gesi, wa kuni au wa mkaa, ukikosa hewa ya kutosha unatoa sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Njia yake ya kutoka ikizibwa, inabaki chumbani. Unaivuta, inaingia kwenye damu, inakaa mahali pa hewa nzuri."

"Kwa hiyo kile kichwa..."

"Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, masikio kuvuma, kulegea. Watu wa nyumba moja wote wanaumwa, wakitoka nje wanapata nafuu, wakirudi wanaumwa tena. Ukiona hivyo usitafute mchawi wala mzimu. Toka, waite zimamoto, nenda kwa daktari."

"Mama alisema anapona Basilika," nikasema.

Tarcisio akatabasamu kidogo. "Basilika ni kubwa kweli, ina hewa nyingi. Na padre alipokuja, mlango ulikuwa wazi. Sisemi Mtakatifu Petro hakusaidia. Lakini na dirisha nalo lisaidie."

Egidio alikuwa analia. "Mimi nilidhani gesi haina moshi."

"Mimi na wenzangu ndio tuliosimika ile dohani ya Sistina," akasema Tarcisio. "Dunia nzima inauliza moshi ni wa rangi gani. Hakuna anayeniuliza juu ya ule usio na rangi. Usifunge hita mwenyewe, ndugu yangu. Ita fundi mwenye cheti. Na hata ule mkaa wa kuchomea nyama, usiuingize chumbani kuota moto, hata kama umekuwa makaa mekundu bila moshi. Umeua watu wengi usingizini."

Tulingoja. Sijawahi kuuogopa mlango kama nilivyouogopa mlango wa chumba kile. Kila ulipofunguka, nilitamani usifunguke. Mwishowe daktari akatoka.

"Mama Ornella ni nani? Njoo. Anamwulizia paka."

Egidio ndiye aliyenibeba kuingia ndani.

Waliporuhusiwa kutoka, Bibi na Ornella tuliwapeleka kwa dada yangu. Ornella alikataa katakata kurudi nyumbani. Akisikia neno "jikoni" alitetemeka. Bibi naye, anayebishana hata na makadinali, alisema hatarudi mpaka aone kwa macho yake.

Basi Egidio akaita fundi. Gunia likashushwa, limeoza, limejaa manyoya ya njiwa. Dohani ikasuguliwa juu hadi chini. Hita ya zamani ikatupwa, ikafungwa mpya yenye bomba lake linalotoka nje. Ukutani pakatobolewa tundu la kuingizia hewa, lenye wavu, na tukakatazwa kuliziba hata kwa baridi ya namna gani. Tarcisio mwenyewe akatuletea king'ora kidogo cheupe. Kazi yake ni kuinusa ile sumu ambayo pua zetu haziwezi kuinusa. Tumeahidiana kwamba kila mwaka kabla ya baridi fundi atakuja kukagua, hata kama hakuna anayeumwa.

Siku ya kurudi, Ornella na Bibi walisimama uani, wameshikana mikono. Mtoto aliyaangalia madirisha yetu, midomo yake imekauka.

"Siingii," akasema.

"Usiingie," Tarcisio akamwambia. "Kaa hapohapo, tazama dohani yenu. Usitazame kitu kingine."

Akapanda juu. Fundi alikuwa amewasha majani mabichi kidogo ndani ya lile tundu la zamani, ili kuonyesha kwamba njia iko wazi. Tulingoja. Majirani wakatoka mmoja mmoja, wakanyanyua vichwa. Hakuna aliyetania. Egidio alikuwa ananibana mkono hadi unauma.

Kikatoka kiuzi chembamba. Kisha kikanenepa, kikapanda moja kwa moja angani, upande wa kuba.

Ornella akauachia mkono wa bibi yake.

"Moshi mweupe!" akapiga kelele. "Bibi! Moshi mweupe!"

Uani kote watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akaitikia kwa sauti, na wengine wakamfuata, na Bibi Settimia akakaa chini kwenye ngazi akalia kwa sauti. Halafu akajifuta uso kwa aproni, akamshika mjukuu wake mkono.

"Haya, twende," akasema. "Nina maharage ya kupika."